Tupunguze Ugumu wa Lugha, Tusipunguze Uzito wa Somo

Tangi lina ujazo wa lita 240. Maji yanaingia kwa kasi ya lita 12 kwa dakika. Itachukua dakika ngapi tangi lijae robo tatu? Msomaji ameshapata jibu kabla sijamaliza kuuliza: dakika 15.

Sasa swali hilohilo liandikwe kwa Kiingereza, katika sentensi moja ndefu inayoanza na "given that", ikapita kwenye "capacity", ikaishia kwenye "how long will it take". Mpe mtoto wa miaka 12 aliyeanza kujifunza Kiingereza mwaka jana. Kuzidisha anajua, kugawanya anajua, sehemu anazimudu. Ila "long" aliyofundishwa yeye ni urefu wa kamba, na hapa haoni kamba. Anaacha nafasi wazi. Mwalimu anasahihisha, anaweka sifuri, na kwenye daftari la alama jina la mtoto linaingia kundi la wasiojua hesabu.

Sifuri hiyo imepima nini?

Jamal Abedi na Carol Lord, watafiti wa Marekani, walilifanyia kazi swali la namna hii na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001. Walichukua maswali ya hesabu wakarahisisha Kiingereza chake bila kugusa hesabu yenyewe. Alama zilipanda. Hazikupanda sana, lakini walionufaika zaidi ni wanafunzi wanaojifunza Kiingereza na wale wa familia za kipato cha chini. Hesabu ilibaki ileile, ila safari hii waliweza kuifikia.

Naanzia hapa kwa sababu mazungumzo kuhusu mbinu za kufundishia darasa lenye wanafunzi wa kila aina huwa yanakimbilia orodha: tumia picha, imba nyimbo, panga vikundi, leta vifaa. Sina ugomvi na picha wala nyimbo. Lakini mbinu yoyote ninayoletewa naiuliza swali moja kwanza. Je, inamwacha mwanafunzi afikiri kwa kiwango cha umri wake wakati Kiingereza chake bado kichanga? Kama haimwachi, basi hata ikichangamsha darasa kiasi gani, inamdumaza.

Kudumaza huku mara nyingi hutokana na huruma, na ndiyo maana ni vigumu kulikemea jambo hilo. Mwalimu wa sayansi ana mwanafunzi wa miaka 14 ambaye Kiingereza hakijamkaa. Wenzake wanajadili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Yeye anapewa picha ya jani apake rangi ya kijani. Anapaka vizuri, anasifiwa, kipindi kinakwisha. Siku hiyo hakujifunza sayansi, na Kiingereza alichopata ni neno "green", ambalo alishalijua.

Mwalimu mwingine, kwa mada hiyohiyo na mwanafunzi wa aina hiyohiyo, anaweka mezani mimea miwili: mmoja umekaa dirishani wiki nzima, mwingine kabatini. Anamwandikia mwanzo wa sentensi: "The plant in the dark is yellow because…" Mwanafunzi anatazama, anagusa, anamuuliza jirani yake kwa lugha yao, kisha anamalizia kwa maneno matatu yaliyopinda kisarufi. Maneno ni matatu, lakini ameshasema sababu na matokeo, na hiyo ni kazi ya mwanasayansi. Hapa lugha imepunguzwa na fikra imeachwa na urefu wake wote.

Mwanzo wa sentensi kama ule ni sawa na miti anayopandia fundi anapojenga ghorofa. David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross ndio walioleta mfano huo wa ujenzi katika elimu, mwaka 1976, wakieleza jinsi mtu mzima anavyomsaidia mtoto kufanya kazi ambayo peke yake asingeiweza. Watu wanaukumbuka upande mmoja tu wa mfano huo. Miti huondolewa ukuta ukishakauka. Mwanafunzi anayeendelea kujaza nafasi zilezile katika sentensi zilezile kwa miaka mitatu hasaidiwi tena, amefungiwa humo humo.

Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Wanafunzi wapatao 1,800 wenye asili ya China katika shule za San Francisco hawakuwa wakielewa Kiingereza, na hawakupewa msaada wowote wa ziada. Utetezi wa upande wa shule ulikuwa kwamba hawakubaguliwa: wamepewa madarasa yaleyale, vitabu vilevile, walimu walewale. Majaji wote walikubaliana kwamba kulingana kwa vitu hivyo si usawa, kwa kuwa mtoto asiyeelewa lugha ya darasa amefungiwa nje ya elimu hata kama amekaa dawati la mbele. Huwa nairudia hukumu hiyo kila nikisikia mwalimu akisema kwa fahari, "Mimi wote nawafundisha sawa."

Kuna mtego mwingine, na huu unawanasa hata walimu wazuri. Mwanafunzi amekaa mwaka mmoja au miwili, anaongea. Anasalimia, anatania, anasimulia mechi ya jana, anagombana na wenzake uwanjani kwa Kiingereza cha haraka. Mwalimu anafurahi na kumwondolea msaada. Muhula unaofuata alama zinaporomoka, na watu wanaanza kunong'ona kwamba amekuwa mvivu.

Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, alilipa jambo hili ufafanuzi mwaka 1979. Alitenganisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo. Ya kwanza hubebwa na mazingira: sura ya msemaji, mikono yake, kitu kinachoonekana mbele yenu. Ya pili haina wa kuibeba, ipo kwenye karatasi peke yake, imejaa "therefore", "whereas", na nomino nzito zilizozaliwa na vitenzi. Kwa takwimu za Kanada alionyesha kuwa ya kwanza huchukua kama miaka 2, na ya pili miaka 5 hadi 7. Kenji Hakuta na wenzake walipopitia takwimu za Marekani na Kanada mwaka 2000 walifika karibu na hapo: miaka 3 hadi 5 kwa kuongea vizuri, 4 hadi 7 kwa Kiingereza cha darasani.

Linganisha na uamuzi wa wapiga kura wa California. Mwaka 1998 walipitisha hoja namba 227, iliyotaka wanafunzi wanaojifunza Kiingereza wawekwe kwenye madarasa ya Kiingereza kitupu kwa muda ambao kwa kawaida usingezidi mwaka mmoja, kisha waingie darasa la kawaida. Ilibaki sheria kwa miaka 18, hadi ilipotenguliwa kwa hoja namba 58 mwaka 2016. Mtoto aliyeanza shule wakati sheria ile inaanza alimaliza masomo yake yote ya shule ndani yake.

Tukikosea muda, tunakosea na watu. Cummins alipitia faili zaidi ya 400 za watoto waliopelekwa kwa wanasaikolojia wa shule, akaona jinsi ufasaha wa kuongea ulivyowadanganya wapimaji: mtoto anaongea vizuri, kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa lugha, basi litakuwa ni akili. California ilikuwa imeshuhudia mwisho wa njia hiyo kabla. Mwaka 1970, katika kesi inayojulikana kwa jina la Diana, watoto 9 wa familia zenye asili ya Meksiko walikuwa wamewekwa kwenye madarasa ya watoto wenye udhaifu wa akili kwa sababu ya kipimo walichofanyiwa kwa Kiingereza. Walipopimwa upya kwa Kihispania, wengi wao walionekana hawakustahili kuwepo huko hata siku moja.

Upande wa pili nao upo, tusiufiche. Wapo wanafunzi wenye tatizo la kweli la kusoma ambao kila mwaka wanaambiwa "ni Kiingereza tu, kitakuja", na msaada wanaostahili hawaupati. Njia ya kuanza kutenganisha si ya kitaalamu sana. Tatizo la kujifunza humfuata mtoto katika lugha zote mbili, ilhali uchanga wa lugha hubaki kwenye lugha mpya peke yake. Kwa hiyo anayemwita mzazi na kumuuliza, "Huyu nyumbani anasimulia hadithi vizuri? Alichelewa kuongea? Kwa lugha yenu anasomaje?" anapata habari ambazo jaribio la Kiingereza haliwezi kumpa.

Niseme sasa kuhusu ukimya, maana ndiko nilikokosea kwa muda mrefu zaidi. Nilipoanza kufundisha nilikuwa nauliza swali, naona mikono miwili mitatu ya walewale, namchagua mmoja, tunasonga mbele. Nilidhani darasa linakwenda mwendo mzuri. Baadaye nikasoma kazi ya Mary Budd Rowe, aliyekuwa akirekodi masomo ya sayansi miaka ya 1970. Aligundua kwamba baada ya kuuliza swali, mwalimu kwa wastani husubiri sekunde moja tu, au chini yake, ndipo anadakia mwenyewe au kumrukia mwingine. Walimu waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliosema "sijui" au kunyamaza walipungua, na wale walioitwa wazito wakaanza kuchangia. Na kuna jambo lililoniuma: walimu walikuwa wakiwasubiri zaidi wanafunzi waliowaona hodari kuliko waliowaona dhaifu. Aliyehitaji muda ndiye aliyenyimwa.

Fikiria kazi anayoifanya mwanafunzi wa lugha ya pili ndani ya hiyo sekunde moja. Asikie swali, alitafsiri, atafute jibu, alirudishe kwenye Kiingereza, akague kama ni "he" au "she", kisha apate ujasiri wa kufungua mdomo mbele ya wenzake 40. Sekunde tatu hazigharimu shilingi wala dola. Lakini jaribu kuzikaa kimya darasani, utaona zilivyo ndefu. Mimi nilijizoeza kuhesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.

Na lile swali la "mmeelewa?" tuliache. Darasa zima linaitikia "ndiyoo" kwa sauti moja, na mwalimu anaondoka ameridhika. Hakuna aliyepimwa. Bora kila mmoja aandike sentensi moja kwenye kikaratasi kabla ya kengele, hata kwa kuchora na kuandika majina ya sehemu, nawe usome vikaratasi 40 jioni. Utajua cha kufundisha kesho.

Suala la lugha ya nyumbani ndilo linalozua hasira nyingi kuliko yote. Shule nyingi bado zinaamini kwamba Kiingereza kitaingia vizuri zaidi kama lugha nyingine zikifukuzwa darasani. Naelewa hofu yao. Lakini mtoto haji darasani kichwa kitupu. Dhana ya nusu, ya haki, ya mvuke, tayari anazo, zimehifadhiwa kwa lugha nyingine. Ukimkataza kuigusa lugha hiyo unamlazimisha aanze kila kitu upya, hata alichokwisha kukijua.

Hata makosa yake yanatoka huko, na yana mantiki. Mzungumzaji wa Kiswahili anapomwita mama yake "he", mwalimu asiyeijua lugha yake anaona uzembe. Anayeijua anaona "yeye", neno moja linalobeba wanaume na wanawake bila shida. Mturuki naye hukosea hapohapo kwa sababu ileile, kiwakilishi chao ni "o" tu. Mchina ataangusha "the" na "a" kwa kuwa kwao hazipo. Mwarabu ataitamka "p" kama "b". Mwalimu hahitaji kuzijua lugha zote hizi. Anahitaji udadisi wa kuuliza, "Kwenu mnasemaje?" Swali hilo hufungua mambo mengine pia: mwanafunzi wa Kihispania anagundua kwamba "hypothesis" ni "hipótesis" yake mwenyewe, na wa Kiswahili kwamba baiolojia na demokrasia zimeshamtangulia mlangoni.

Huko Wales, mwaka 1994, Cen Williams alieleza utaratibu wa darasani ambapo wanafunzi hupokea somo kwa lugha moja na kulitolea kazi kwa nyingine, mathalani wasome kwa Kiingereza kisha waandike kwa Kiwelisi. Sipendekezi darasa la vurugu ambamo kila mtu anaongea apendavyo hadi kengele. Mgawanyo wangu ni kwamba lugha ya nyumbani itumike kuelewa na kupanga mawazo, na kila kipindi kiishie kwa Kiingereza kilichotoka kinywani au kalamuni mwa mwanafunzi mwenyewe.

Sehemu hiyo ya mwisho siiachi, na nina sababu. Merrill Swain aliwachunguza wanafunzi wa Kanada waliofundishwa masomo kwa Kifaransa kwa miaka mingi. Mwaka 1985 aliandika kwamba walielewa karibu kama wenye lugha, lakini kuongea na kuandika kwao kulibaki nyuma, kwa kuwa walikuwa wakisikiliza sana na kusukumwa kidogo kutoa lugha sahihi. Mwanafunzi anayesikiliza tu atakuwa msikilizaji mzuri.

Ndiyo maana vikundi vina kazi, vikipangwa. Ukiwaambia watoto "jadilini", hodari mmoja ataongea na watano watanakili. Elliot Aronson alipata dawa ya hilo huko Austin, Texas, mwaka 1971: kila mwanafunzi katika kikundi alipewa kipande chake cha somo ambacho wenzake hawana, na picha nzima haikukamilika mpaka wote wamesikilizana. Mtoto ambaye Kiingereza chake kinakwama ghafla anasubiriwa, anaulizwa, anasaidiwa kutafuta neno, kwa sababu ana kitu wanachokihitaji.

Msamiati nao. Isabel Beck na Margaret McKeown waliyagawa maneno katika tabaka tatu: ya kila siku, ya masomo yote, na ya fani moja. Walimu wa masomo huyafundisha yale ya fani kwa bidii, "photosynthesis" huandikwa ubaoni na kupigiwa mstari. Ya kila siku mtoto huyaokota uwanjani. Yale ya katikati, "compare", "factor", "result", "suggest", hayana mwenyewe. Mwalimu wa Kiingereza anadhani ni ya sayansi, wa sayansi anadhani ni ya Kiingereza, na ndiyo yanayojaa kwenye karatasi za mtihani. Utafiti wa Hu na Paul Nation wa mwaka 2000 uliona kwamba ili msomaji aelewe matini bila msaada, anahitaji kujua takribani asilimia 98 ya maneno yake, yaani neno geni lisizidi moja katika kila 50. Fungua kitabu cha historia, uhesabu pamoja na mwanafunzi wako. Ukikuta maneno manane kwenye mistari mitano, tatizo la nidhamu ulilokuwa unalishuku si la nidhamu.

Mbinu moja ningependa iondolewe kabisa, ingawa bado inafundishwa kwenye semina nyingi: kuwagawa wanafunzi kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kugusa, kisha kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Harold Pashler na wenzake walipitia ushahidi mwaka 2008 na hawakupata msingi wa kutosha wa kuifuata shuleni. Kwa mwanafunzi wa Kiingereza ina hatari ya ziada, kwa maana mtoto akishaitwa wa picha, maandishi huondolewa mbele yake, na maandishi ndiyo anayoyadai kuliko wote. Apate picha, sauti, kitu cha kushika na maandishi, vyote juu ya wazo moja. Njia ya mteremko pembeni ya ngazi iliwekwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu, lakini mama mwenye kigari cha mtoto na mzee mwenye fimbo wanaipita pia. Maelekezo yaliyoandikwa ubaoni kwa sentensi fupi yatamsaidia mgeni wa lugha, asiyesikia vizuri, na yule aliyekuwa anaangalia dirishani.

Najua mwalimu anayesoma haya ana madaftari mezani na darasa lililofurika, na ameshaanza kujumlisha saa. Mzigo huu haukuumbwa kwa ajili yake peke yake. Mwaka 1981, katika kesi ya Castañeda dhidi ya Pickard, mahakama ya rufaa ya Marekani iliweka vipimo vitatu kwa programu yoyote ya wanafunzi wasiojua bado Kiingereza: iwe imejengwa juu ya nadharia inayokubalika na wataalamu, iwe imepewa watu na vifaa vya kuitekeleza kweli, na baada ya muda ikaguliwe kama imeondoa kizuizi cha lugha, la sivyo ibadilishwe. Kipimo cha pili kinamwangukia mkuu wa shule na walio juu yake. Kwa maoni yangu, kukitimiza ni wamtengee mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiingereza vipindi viwili kwa wiki vya kukaa pamoja, wapitie somo la wiki ijayo, wachague maneno kumi ya katikati, waandike mianzo ya sentensi, na wakubaliane ni lini wataiondoa. Vipindi hivyo viwekwe ndani ya ratiba, si saa kumi na moja jioni wakati kila mtu ameshabeba mkoba.